Ufikivu wa bustani na hifadhi za umma

Ufikivu wa bustani na hifadhi za umma ni hali inayowezesha watu wote kufika, kuingia na kutumia kwa usalama maeneo ya wazi ya mapumziko, wakiwemo watu wenye ulemavu, wazee, wajawazito, wagonjwa na watoto wadogo. Maeneo hayo ni pamoja na bustani za mijini, viwanja vya wazi, fukwe, kingo za maziwa, misitu ya hifadhi, mapori ya akiba na hifadhi za taifa.

Makala hii inahusu hasa Tanzania. Inatumia kata ya Ihanja, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, kama mfano wa safari inayoanzia kijijini na kuishia kwenye bustani au hifadhi. Ugumu wa ziara ya namna hiyo hauamuliwi na lango la bustani peke yake. Huamuliwa na hatua iliyo ngumu kuliko zote, iwe ni kupanda basi, kupata choo au kurudi nyumbani jioni.

Istilahi

Neno "ufikivu" linatokana na kitenzi "kufikia". Katika mazungumzo ya kila siku na katika taarifa za serikali hutumiwa zaidi maneno "miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu". Maana yake ni pana kuliko njia za kiti mwendo. Bango lenye herufi kubwa, mhudumu anayejua lugha ya alama, benchi kivulini na choo cha kukaa ni sehemu za ufikivu vilevile.

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi nchini Tanzania wana aina fulani ya ulemavu. Wanaofaidika na njia iliyo sawa ni wengi zaidi ya hao, kwa kuwa mzee mwenye magoti mabovu, mama aliyebeba mtoto na mtu aliyevunjika mguu hutumia njia hiyohiyo.

Historia

Bustani na hifadhi nyingi za Afrika Mashariki zilipangwa kabla ya sheria za ufikivu kutungwa. Bustani ya mimea ya Dar es Salaam ilianzishwa wakati wa utawala wa Wajerumani. Bustani ya Forodhani mjini Zanzibar ilitengenezwa katika miaka ya 1930. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1951, na Uhuru Park ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1969.

Ukarabati ndio nafasi ya kurekebisha yaliyosahauliwa mwanzoni. Forodhani, kwa mfano, ilifanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa mfuko wa Aga Khan wa utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Njia, taa, mabenchi na ukuta wa baharini ni mambo ambayo hugharimu kidogo yakipangwa wakati wa ujenzi, lakini hugharimu zaidi yakiongezwa baadaye.

Sheria

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa tarehe 13 Desemba 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Kifungu cha 9 kinahusu ufikivu wa majengo, barabara, usafiri na habari. Kifungu cha 30 kinataja haki ya kushiriki katika utamaduni, burudani, mapumziko na michezo, pamoja na kufika katika maeneo ya utalii. Kwa hiyo matembezi ya bustani yamo ndani ya haki zinazotambuliwa na mkataba huo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo na huduma za umma zifikiwe na watu wenye ulemavu. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inataja katika kifungu cha 54 haki ya mtu mwenye ulemavu kufika kwa urahisi katika maeneo yote, usafiri wa umma na habari.

Wasimamizi wa maeneo haya hutofautiana, na ni vizuri mgeni ajue anayepaswa kumuuliza:

- Bustani na viwanja vya miji husimamiwa na halmashauri ya mji, manispaa au jiji.
- Hifadhi za taifa husimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA).
- Mapori ya akiba husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA).
- Ngorongoro ina mamlaka yake yenyewe.
- Misitu ya hifadhi ya taifa husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Mfano: safari kutoka Ihanja

Ihanja ni kata ya vijijini katika nchi ya Wanyaturu. Safari huanzia kwenye barabara za vijijini, kisha hufuata barabara kuu ya lami inayounganisha Singida, Ikungi, Manyoni na Dodoma. Kipande hicho cha kwanza, ambacho mara nyingi hupitwa kwa bodaboda au kwa miguu, ndicho kinachowazuia wengi. Mtu anayetumia kiti mwendo hawezi kupakiwa kwenye bodaboda pamoja na kiti chake. Bajaji au gari dogo la kukodi hufaa zaidi, na gharama yake hupungua ikiwa watu kadhaa wataafikiana kwenda pamoja.

Kutoka hapo kuna maeneo kadhaa ya kwenda, kwa viwango tofauti vya ugumu.

Ziwa Singidani na Ziwa Kindai yako mjini Singida. Ni maziwa ya maji ya chumvi yaliyozungukwa na miamba mikubwa ya mawe, na huvutia ndege wengi wa majini. Kwa mtu wa Ihanja ndiyo matembezi ya kwenda na kurudi siku moja. Kingo zake zina mchanga na mawe, hivyo kiti mwendo hubaki mahali penye ardhi ngumu.

Jiji la Dodoma lina Nyerere Square katikati ya mji, pamoja na bustani ya mapumziko ya Chinangali. Faida ya maeneo ya katikati ya jiji ni ukaribu wa usafiri, maduka ya dawa na hospitali.

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko katika eneo la Kolo karibu na barabara ya Dodoma kwenda Babati. Michoro iko juu ya vilima vya mawe na huhitaji kupanda kwa miguu. Asiyeweza kupanda anapaswa kuuliza mapema ni sehemu ipi gari linaweza kukaribia na muda wa kupanda kutoka hapo.

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970, hufikiwa kwa barabara ya lami kupitia Katesh, Babati na Minjingu hadi karibu na Kwa Kuchinja. Ina tembo wengi na mibuyu mikubwa. Kwa kuwa matembezi mengi hufanywa ndani ya gari, mtu asiyeweza kutembea huona wanyama karibu sawa na wengine. Ugumu wake uko katika kupanda gari refu na katika vituo vya kupumzika.

Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, upande wa Manyoni, ni makubwa na yako mbali na hospitali. Hayafai kwa safari isiyo na gari imara, mafuta ya akiba na mwenyeji anayeijua njia.

Kabla ya safari

Kupiga simu ni bora kuliko kutegemea picha. Picha huonyesha mandhari, lakini haionyeshi ngazi, mchanga wala mlango wa choo. Swali la jumla kama "Je, kuna huduma kwa walemavu?" hujibiwa kwa urahisi kwa neno "ndiyo". Maswali mahususi hutoa majibu yanayosaidia:

- Kutoka gari linapoegeshwa hadi sehemu ya kukaa kuna hatua ngapi, na ardhi ni ya lami, saruji, kokoto au mchanga?
- Je, kuna ngazi mahali popote? Ni ngapi, na zina mahali pa kushika?
- Mlango wa choo una upana wa sentimita ngapi? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Ufunguo uko kwa nani?
- Maji ya kunywa na ya kunawa yanapatikana wapi?
- Kivuli na mabenchi viko umbali gani kutoka langoni?
- Mtandao wa simu unapatikana? Zahanati au hospitali ya karibu ni ipi?
- Msaidizi wa mtu mwenye ulemavu analipa kiingilio?
- Lango linafungwa saa ngapi?

Katika hifadhi za taifa, malipo hufanywa kwa njia ya kielektroniki na si kwa fedha taslimu langoni. Raia hulipa kiwango cha chini kuliko wageni wa nje, hivyo kitambulisho cha taifa ni muhimu.

Msimu nao una uzito wake. Singida na Dodoma zina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati huo barabara za udongo huteleza na mito ya msimu hujaa ghafla. Miezi ya kiangazi hurahisisha barabara, lakini huleta vumbi, ambalo huwasumbua wenye pumu, na upepo wa baridi asubuhi na usiku. Siku za sikukuu bustani za mijini hufurika watu. Asubuhi ya siku ya kawaida hufaa zaidi kwa mtu anayehitaji nafasi au utulivu.

Njia, ngazi na vyoo

Kipimo kinachotumiwa sana kwa njia ya mteremko inayochukua nafasi ya ngazi ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo huhitaji sentimita 12 za urefu. Kidato cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Mteremko mfupi kuliko huo huwa mkali, na kiti mwendo kinaweza kupinduka kwa nyuma. Ili kiti mwendo kigeuke huhitaji nafasi ya takriban sentimita 150 kila upande, na mlango unapaswa kuwa na uwazi wa sentimita 80 au zaidi.

Mchanga na miiba ni matatizo ya kawaida ya Tanzania ya kati. Magurudumu membamba ya mbele ya kiti cha hospitali huzama mchangani. Kiti chenye magurudumu matatu, au baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, hupita vizuri zaidi. Miiba ya migunga hutoboa mipira, kwa hiyo pampu, viraka na solushi hubebwa kama vile maji yanavyobebwa. Fundi baiskeli wa kijijini huweza kuziba pancha ya kiti mwendo, na ni busara kumpitia kabla ya safari.

Choo ndicho kinachoharibu ziara nyingi. Baadhi ya watu hupunguza kunywa maji ili wasihitaji choo, na matokeo yake ni kuumwa kichwa, kuishiwa nguvu au kuugua njia ya mkojo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu mwenye selimundu au jeraha la uti wa mgongo. Njia salama ni kupanga vituo vya choo kwanza, kisha kupanga matembezi kati ya vituo hivyo. Kiti cha choo cha kubebeka, kinga za mikono, sabuni na maji vinaweza kuwekwa ndani ya gari.

Mahitaji mbalimbali

Watumiaji wa viti mwendo na magongo. Mtu akihitaji kubebwa hadi kwenye gari au kupandishwa ngazi, yeye mwenyewe ndiye anayeeleza jinsi ya kubebwa. Kiti hushikwa kwenye fremu, si kwenye sehemu za kuegemeza mikono, ambazo huweza kuchomoka. Breki hufungwa kabla ya kuinuka. Kigoda imara husaidia wenye magongo kupanda gari refu.

Wasioona na wenye uoni hafifu. Anayeongozwa hushika mkono wa mwongozaji juu kidogo ya kiwiko, na mwongozaji hutangulia nusu hatua. Kumsukuma kutoka nyuma ni hatari. Mwongozaji hutaja ngazi, mitaro na matawi kabla ya kuyafikia. Sauti za ndege, harufu ya udongo baada ya mvua na gome la mbuyu humpa mgeni asiyeona sehemu kubwa ya ziara, mradi mwongozaji aeleze pia yanayoonekana.

Viziwi. Porini mwongozaji hutoa maonyo kwa kunong'ona, na kiziwi huyakosa. Kabla ya kuingia, kundi zima hupatana juu ya ishara za "simama", "kaa kimya" na "rudi garini". Usiku tochi huwekwa mahali inapomulika mikono na uso. Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kinaweza kuulizwa kuhusu wakalimani wa lugha ya alama.

Watu wenye ualbino. Jua ndilo hatari ya kwanza, kwa kuwa saratani ya ngozi huwapata wakiwa bado vijana. Tanzania ina idadi kubwa ya watu wenye ualbino ikilinganishwa na nchi nyingi, na hukadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400. Matembezi hupangwa kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Kofia pana, mikono mirefu, miwani ya jua na losheni ya kukinga ngozi hutumiwa hata siku yenye mawingu. Losheni hutengenezwa pia nchini, katika kituo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa kuwa watu wenye ualbino wamewahi kushambuliwa nchini, familia hupanga pia nani atakuwa na mtoto wakati wote wa safari.

Wenye kifafa. Dawa hunywewa kwa saa zilezile hata safarini. Mtu mwenye kifafa hakai peke yake ukingoni mwa maji, juu ya mwamba au karibu na moto. Akianguka, hulazwa ubavu, huondolewa vitu vigumu karibu naye, na hawekewi chochote mdomoni.

Wenye selimundu na magonjwa ya moyo au mapafu. Hunywa maji mara kwa mara na hujikinga na baridi. Ukingo wa kasoko ya Ngorongoro una zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake humshangaza anayetoka tambarare.

Watoto na watu wenye ulemavu wa akili au usonji. Karatasi yenye jina na namba ya simu ya mlezi huwekwa mfukoni. Kundi hukubaliana mahali pa kukutana endapo mtu atapotea, na mtu mmoja hupewa jukumu la kuhesabu watu kila wanapohama.

Usalama karibu na wanyama na maji

Katika hifadhi za taifa mgeni hubaki ndani ya gari isipokuwa kwenye vituo vilivyoruhusiwa, na mwendo wa gari hauzidi kilomita 50 kwa saa. Kanuni hiyo inamgusa zaidi mtu asiyeweza kukimbia. Gari likiharibika, yeye ndiye wa mwisho kuhamishwa kama jambo hilo halikupangwa mapema. Mpango wa kumhamisha hutajwa kwa dereva na askari wa uhifadhi langoni.

Nyani na tumbili hupora chakula, na hupendelea kumpora aliyekaa chini au mtoto. Chakula hubaki kwenye chombo kilichofungwa. Mbung'o, ambao huweza kueneza malale, hufuata vitu vinavyosogea na hutua sana kwenye nguo za bluu na nyeusi. Nguo za rangi ya kaki au udongo hufaa zaidi.

Kwenye maziwa na mito, kiti mwendo husimamishwa sambamba na ukingo, si kuelekea majini, na breki zikiwa zimefungwa. Kiboko na mamba hupatikana katika maji mengi ya hifadhi, hivyo hakuna anayeshuka kunawa bila ruhusa ya mwongozaji.

Namba ya dharura ya polisi nchini Tanzania ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mahali pasipo na mtandao, kinga bora ni kumwachia mtu nyumbani jina la sehemu, namba ya gari na saa ya kurudi.

Mifano maarufu

Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, umepandwa na watu kadhaa wenye ulemavu. Erik Weihenmayer wa Marekani, asiyeona, alifika kileleni mwaka 1997. Bernard Goosen wa Afrika Kusini alifika mwaka 2003 akitumia kiti mwendo. Safari hizo zilihitaji wapagazi, vifaa maalumu na fedha nyingi. Zinaonyesha uwezo wa binadamu, lakini hazipimi ufikivu wa nchi. Kipimo cha ufikivu ni mtu wa kawaida kuweza kukaa bustanini mchana mmoja bila kubebwa na bila kukosa choo.

Changamoto

Kujenga peke yake hakutoshi. Njia ya mteremko huweza kuzibwa na pikipiki au meza za biashara. Choo maalumu hugeuzwa stoo, au hufungwa na mwenye ufunguo hayupo. Kasoro kama hizo huonekana haraka zaidi na mtumiaji kuliko mhandisi. Kwa sababu hiyo vyama vya watu wenye ulemavu, vinavyounganishwa na Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania (SHIVYAWATA), hudai kushirikishwa kabla ya michoro ya ujenzi kupitishwa.

Mgeni aliyekuta kasoro anaweza kuiandikia halmashauri au mamlaka husika, akitaja mahali, kipimo na tarehe. Maneno kama "kidato cha sentimita 20 mlangoni mwa choo cha wanawake" humwezesha fundi kuanza kazi.

Tazama pia

Ihanja
Wilaya ya Ikungi
Ziwa Singidani
Hifadhi ya Taifa ya Tarangire
Ulemavu
Ualbino
Lugha ya alama